Injini Ambayo Bibi Hakuambiwa

Kila siku Nukta alipotoka shule aliingia uani kwa kunyata, na kila siku alikamatwa.

"Kiatu cha kushoto kinalia kama panya aliyebanwa mlangoni," Bibi alisema kutoka kibarazani, bila kugeuza shingo. "Mwambie baba yako akitie gundi."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Lete mkono nione kama wamekulisha huko au wamekutafunisha chaki."

Macho ya Bibi yalikuwa na ukungu. Aliona mwanga na vivuli, basi. Lakini masikio! Mtaani walisema aliwahi kumwambia fundi saa aliyekuwa ng'ambo ya barabara kwamba saa yake ya mkononi inachelewa. Walisema pia kwamba alisikia mchwa wakitafuna mlango wa jirani. Ile ya saa huenda ilitiwa chumvi. Ile ya mchwa ni kweli, maana mlango ulianguka.

Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya Baba, fundi wa viti vya magari. Ndani mlijaa sponji, ngozi bandia, cherehani nzito kama tembo aliyechuchumaa, na harufu ya gundi iliyoingia mpaka kwenye chai. Bibi aliketi mlangoni akifumua mishono ya viti vikuukuu kwa vidole vyake. Mama alikuwa dobi wa hospitali, akirudi jioni mikono imekunjamana. Kazi ya Nukta, akishavua sare, ilikuwa kupitisha sumaku sakafuni kuokota pini na misumari, kisha ndipo afungue daftari la hesabu.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja: hakuna mashine ya kunguruma. Wenzake Baba walipigilia misumari kwa mashine ya upepo. Yeye aliwahi kuazima moja. Ilipoanza tu kuvuma, Bibi hakuonekana kibarazani. Walimkuta chini ya meza ya kukatia vitambaa, amekumbatia mguu wa meza, anatetemeka. Baba aliirudisha mashine kabla haijapoa, na tangu siku hiyo alitumia nyundo.

"Kwa nini Bibi anaogopa?" Nukta aliuliza.

"Mambo ya zamani," Baba alijibu. Mdomoni alikuwa na misumari, na mtu mwenye misumari mdomoni hapendi maswali marefu.

Siku za Jumamosi Nukta alikwenda kwa Fundi Redio. Mzee huyo alitengeneza redio na spika, na kwa mapenzi yake tu aliwafundisha wanafunzi kuunda ndege ndogo za kuendeshwa kwa rimoti. Muhula ule waliobaki walikuwa wawili. Wa pili aliitwa Domo, kwa sababu hata akinyamaza ulijua anavuta pumzi tu.

Wawili hao walikuwa wameunda ndege ya kivita, mfano wa zile za zamani zenye propela moja puani. Mifupa yake ilikuwa ya mbao nyepesi, Nukta akaivalisha kitambaa chembamba kwa mishono midogo aliyojifunza kwa Baba. Mabawa yalizidi urefu wa mikono ya Domo iliyonyooshwa. Kilichobaki ni injini.

Fundi Redio aliweka vitu viwili mezani. Cha kwanza kilikuwa mota ya betri, ya mviringo, inayoenea kwenye kiganja. Cha pili kilikuwa injini ya mafuta, ya chuma, yenye mapezi ya kupoozea na bomba la moshi ubavuni.

"Injini haichaguliwi kwa sikio," alisema. "Huchaguliwa kwa mizani. Ndege hii ina pua fupi, kwa hiyo inataka uzito mbele. Ya mafuta ni nzito, inakaa puani na kazi imekwisha. Ya betri ni nyepesi, lakini betri yenyewe tunaisogeza mbele mpaka mizani ikubali. Tazameni."

Alifunga moja, kisha nyingine. Kila mara aliinua ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa, nayo ikatulia bila kuinama mbele wala nyuma.

"Zote mbili zitaipaisha," alisema. "Sasa jiulizeni mnataka nini, na nani atakuwa chini yake."

"Ya mafuta!" Domo aliruka. "Ndege ya kivita isiyonguruma si ndege, ni feni yenye mabawa!"

"Na wewe Nukta? Wewe ndiye utakayeshika rimoti siku ya kwanza. Neno la mwisho ni lako."

"Naomba kwanza niisikie, fundi."

Fundi Redio alikaza injini kwenye meza, akasukuma propela kwa kijiti, kamwe si kwa kidole, na injini ikalipuka. Chupa zikacheza rafuni. Paka wa Fundi alirukia nje kupitia dirishani, na wanaomjua wanasema mpaka leo hajui dirisha lilifunguliwa na nani. Nukta alihisi mngurumo ukimwingia kifuani, ukakaa humo kama kitu chake mwenyewe. Alimkumbuka Bibi chini ya meza. Kisha akamsukuma kando.

"Hii," alisema. "Nachagua hii."

"Haya. Lakini sharti moja. Uwanja wetu umezungukwa na nyumba. Mtapita kila nyumba kuomba ruhusa. Mwambieni kila mtu wazi: ina kelele, ya namna hii, siku hii. Nyumba moja ikikataa, tunafunga ya betri na hakuna kununa."

Domo alichukua upande wa juu wa uwanja. Nukta alichukua upande wa kwao. Mshona viatu, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alicheka na kusema watoto wake wawili watafurahi. Kinyozi alikubali. Muuza mkaa alikubali. Ikabaki nyumba moja.

Bibi ndiye aliyeanza.

"Nasikia mnaunda ndege, mke mwenzangu."

"Ndiyo, bibi."

"Mimi na ndege si marafiki. Ina injini?"

Nukta alitazama vidole vya Bibi. Vilikuwa vimesimama juu ya mshono.

"Ya betri, bibi. Hailii. Ni kama feni tu."

Vidole vilianza tena kufumua. Uso wa Bibi ulilegea, hata akatabasamu kidogo.

"Kama ni feni, sawa. Neno lako linanitosha."

Nukta alihisi kana kwamba amemeza moja ya zile pini za sakafuni. Alijifariji kwa jambo moja: Jumamosi ile ya kurusha ndege Bibi angepelekwa na Mama kliniki ya macho, mbali na hapo. Asingesikia chochote. Uongo usiosikika si uongo, alijiambia.

Kwa Fundi Redio alisema, "Nyumba zote zimekubali."

"Hata kwenu?"

"Hata kwetu."

Jumamosi Nukta aliondoka nyumbani mapema kubeba ndege. Hakuwepo wakati Mama alipoletewa ujumbe kwamba daktari wa macho anaumwa, wagonjwa warudi juma lijalo. Hakuwepo wakati mshona viatu alipokuja kuomba Bibi amtazamie watoto, yule wa miaka mitano na mdogo wake anayejifunza kutembea, ili apeleke viatu vya mteja. Hakumwona Bibi akikaa kibarazani, watoto wakicheza na vipande vya sponji miguuni pake.

Uwanjani injini iliwaka kwa pigo la kwanza. Ndege ilikimbia kwenye nyasi, ikanyanyuka, ikapanda. Nukta alishika rimoti kwa mikono miwili. Domo alipiga mayowe, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemsikia, maana ndege ilimshinda kelele. Ilizunguka mara moja juu ya uwanja. Mara ya pili mzunguko ulikuwa mpana mno, ikapita juu ya mabati ya upande wa kwao, chini kabisa, ikinguruma.

Ndipo mwanamke akapiga ukelele barabarani, ukelele ambao haukuwa wa shangwe.

"Nipe!" Fundi Redio alipokonya rimoti, akaishusha ndege vibaya, ikabiringika nyasini. Nukta hakuitazama. Alikuwa tayari anakimbia.

Kulikuwa na mtaro mbele ya nyumba yao, wa maji machafu ya mtaa mzima. Bibi alikuwa ndani yake, amelala kifudifudi. Chini ya kifua chake zilionekana nywele za watoto wawili wa mshona viatu, wakilia kwa sauti za kuzibwa. Mguu mmoja wa Bibi ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii.

Watu walijaribu kumwinua. Aliwapiga kwa viwiko.

"Laleni chini!" aliwakemea. "Bado iko juu! Wote wawili. Safari hii nimewabeba wote wawili."

"Bibi, ni mimi," Nukta alisema. "Bibi, ni ndege ya kuchezea."

Bibi hakumsikia. Yeye, aliyesikia mchwa, hakumsikia.

Baba alikuja mbio na nyundo bado mkononi. Aliitupa, akapiga magoti kwenye tope la mtaroni, akaweka shavu lake kwenye shavu la mama yake.

"Mama."

Mkono wa Bibi ulimpapasa usoni, ukimpaka tope. "Nani wewe? Mdogo?"

"Mdogo, mama. Niko hapa."

"Na mkubwa?"

 Baba alitoa mtoto wa kwanza, kisha wa pili, wazima, wamechubuka magoti tu. Kisha wakambeba Bibi.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitali walimfanyia upasuaji na kumtia chuma. Kwenye korido Baba alisimama mbele ya Fundi Redio, Nukta na Domo, suruali yake imekauka kwa tope.

"Nani aliyechagua injini ile?"

Fundi Redio alifungua mdomo, lakini mshona viatu alitangulia. "Nani mwingine? Si huyu Domo? Mtaa mzima ulimsikia juma zima, ngurumo, ngurumo!"

Macho yote yakamgeukia Domo. Domo akamtazama Nukta. Nukta akatazama kiatu chake cha kushoto. Naye Domo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakusema neno.

Fundi Redio alimgeukia Nukta. "Uliniambia kwenu wamekubali," alisema taratibu.

"Huenda Bibi alisahau," Nukta alisema.

Ulikuwa uongo wa tatu, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Majirani walikwenda kwa Fundi Redio kumwambia hawataki tena ndege mtaani. Aliitundika ile ya kivita ukutani, bawa moja limechanika, akafunga chumba cha nyuma. Domo alikatazwa na wazazi wake kuonekana upande ule wa uwanja. Shuleni alihamia dawati jingine.

Bibi alirudi nyumbani amekonda. Kitanda chake kiliwekwa karakanani, kati ya cherehani na sponji. Muuguzi alimletea fremu ya kutembelea na kusema lazima asimame kila siku. Mzee akilala mno, mapafu hujaa na damu huganda. Wengi hawafi kwa nyonga, hufa kwa kitanda.

Bibi hakusimama. Alilala akitazama dari asiyoiona. Hakumwita mtu mke mwenza. Chakula alikipokea na kukirudisha. Kikombe kikianguka jikoni, alijifunika kichwa.

"Simama kidogo tu, mama," Baba alimbembeleza.

"Nisimame niende wapi?" Bibi alijibu. "Hapa angalau ukuta naujua."

Mchana mmoja Baba alikuwa akivuta ngozi juu ya kiti, na Nukta anapitisha sumaku. Bibi alikuwa amesinzia.

"Baba," Nukta alinong'ona, "wote wawili ni akina nani?"

Baba alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaipanga mezani.

"Nilikuwa na kaka," alisema. "Wakati wa vita. Ndege zile zilitanguliwa na sauti. Ukizisikia una muda wa kukimbia safari moja tu. Mama alinibeba mimi kwa sababu nilikuwa sijui kutembea. Alinitupa mtaroni, akageuka kumfuata kaka yangu. Akakuta hakuna tena nyumba ya kurudia."

Nukta aliacha sumaku ikaning'inia.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulikuwa mdogo. Nilidhani ile sheria ya mashine inatosha." Baba aliokota msumari, akautazama. "Domo hakujua. Simchukii yule mtoto. Lakini angalau angeuliza."

Nukta alikwenda nje, akakaa kibarazani mahali pa Bibi. Wengine wanasema mtu hawezi kulia bila sauti. Anaweza, hasa akijua ndani kuna mtu anayesikia mchwa.

Kesho yake aliporudi kutoka shule, alisimama mlangoni mwa karakana. Alikuwa amesimama hapo siku nyingi na kila mara akageuka. Safari hii aliingia mpaka kitandani.

"Bibi, nilikudanganya. Injini haikuwa ya betri. Niliichagua mimi, si Domo. Fundi nilimwambia umekubali. Nilijua unaogopa, ila nilitaka ile sauti."

Bibi aligeuza uso kutoka darini kuelekea sauti yake.

"Feni haitikisi mabati," Bibi alisema. "Nilijua tangu siku nilipozinduka hospitali."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri kiatu chako. Kila siku kinafika pale mlangoni, kinalia mara moja, kisha kinaondoka. Nikasema, siku kitakapoingia ndani ndipo tutazungumza." Alinyoosha mkono. "Domo amebeba mzigo wako muda gani?"

"Tangu siku ile."

"Basi nenda ukautue. Nyumba hadi nyumba, zilezile ulizopita kuomba. Na ukirudi, niletee hiyo injini. Isiwake. Nataka kuishika."

Nukta alipita. Mshona viatu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango taratibu, na mlango uliofungwa taratibu unauma kuliko uliobamizwa. Baba hakumpiga wala kumfokea. Alikwenda kwa akina Domo yeye mwenyewe, na Nukta nyuma yake, akaomba radhi kwa mtoto kama anavyoombwa mtu mzima.

"Nimesikia," Domo alimwambia Nukta. Hakusema yameisha. Wala hakurudi kwenye dawati lao muhula ule.

Fundi Redio alileta injini ya mafuta mwenyewe, imefutwa. Bibi aliishika kwa mikono miwili. Vidole vyake vilipita kila mahali: mapezi, bomba, tundu la mafuta, kama vinavyopita kwenye mshono.

"Kadogo hivi," alisema. "Hakazidi moyo wa mbuzi." Kisha, "Na ile nyingine?"

Fundi aliweka mota ya betri kwenye kiganja chake, akamweleza jinsi betri inavyosogezwa mbele mpaka mizani ikubali.

"Fungeni hii. Siku mtakapoirusha mniite."

"Mpaka usimame, mama," Baba alisema haraka. "Uwanja hauji kitandani."

"Mtego huo nimeuona hata mimi nisiyeona," Bibi alijibu. Lakini aliomba fremu.

Siku ya kwanza alisimama kwa muda wa kupiga chafya. Ilimuuma akatukana nyonga kwa jina. Ikachukua miezi. Hakuwahi kutembea tena bila fremu, na mguu mmoja ulibaki mfupi. Hilo halikurekebishika, na Nukta aliusikia mguu ule kila asubuhi ukiburuzwa sakafuni.

Majirani walikubali ndege iruke mara moja tu. Mshona viatu alikubali wa mwisho. Bibi aliwekewa kiti pembeni mwa uwanja, kiti cha gari alichokishona Baba. Baba alimshika mkono. Domo alikuja pia, akasimama mbali kidogo, kimya. Bawa lililochanika lilikuwa limeshonwa.

Kabla ya kugusa chochote, Nukta aligeuka. "Bibi, sasa naiwasha."

Kulisikika mvumo mdogo, kama nyuki ndani ya gunia. Mkono wa Bibi ulimbana Baba.

"Sasa inakimbia kwenye nyasi, bibi. Sasa imeondoka. Sasa iko juu ya kinyozi. Sasa inageuka, inakuja upande wetu. Sasa iko juu yako."

Bibi aliinua uso. "Sisikii kitu. Hofu imeniziba masikio."

"Iko hapo hapo, bibi. Kivuli chake kimekupita."

"Endelea kuniambia."

Nukta aliendelea, kila kona, kila kupanda na kushuka, mpaka sauti ikakauka. Ndege ikiwa bado angani, Bibi alianza kusema, macho yake kwenye mwanga.

"Sikiliza, mke mwenzangu, na wewe Domo usogee usikie. Kelele sizipendi, lakini haikuwa kelele iliyonivunja nyonga. Ungeniambia, 'Bibi, Jumamosi italia,' ningekugombeza, kisha ningeingia ndani, nikaziba masikio, nikamshika baba yako mkono kama hivi. Ningetetemeka, lakini ningekuwa nimejiandaa. Wewe uliniambia haitakuja, nikakuamini, nikakaa nje na watoto wa watu. Mwongo hamwibii mtu ukweli tu. Humwibia muda wa kujiandaa. Na mimi muda huo uliwahi kunipungukia mara moja."

 Domo alikuwa amesogea.

"Sasa inashuka, bibi," Nukta alisema. "Sasa inatua."

"Nimesikia magurudumu," Bibi alisema, na mkono wake ukaulegeza mkono wa Baba.